Injini ya Ndege Ndogo Ikizimika Angani: Kinachotokea Juu na Wajibu wa Mkazi Aliye Chini

Katika Kaunti ya Marsabit ndege ndogo si anasa. Ndiyo inayomtoa mama aliyeshindwa kujifungua Loiyangalani na kumfikisha hospitalini kabla ya jua kutua, ndiyo inayoleta chanjo na walimu wakati lagha zimefurika, na mwaka wa 2020 ndiyo iliyonyunyiza dawa nzige walipovamia kaskazini mwa nchi. Huduma ya madaktari wa ndege ya AMREF, iliyoanzishwa mwaka wa 1957, ilianza kwa sababu ya maeneo kama haya, ambako barabara ilikuwa hadithi tu. Hata baada ya lami ya Isiolo hadi Moyale kukamilika, kaunti yenye zaidi ya kilomita za mraba 66,000 haiwezi kuzungukwa kwa gari peke yake.

Pamoja na hayo, wakazi wengi huiona ndege kwa jicho la hofu, na hofu hiyo ina chanzo. Aprili 10, 2006 ndege ya kijeshi aina ya Y-12 iliyowabeba viongozi waliokuwa katika safari ya amani iligonga mlima karibu na mji wa Marsabit, na watu 14 wakapoteza maisha. Ni vyema ikumbukwe kwamba ndege ile ilikuwa na injini mbili na ilianguka ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa. Kuzimika kwa injini ni jambo tofauti, na kwa namna fulani ni jambo lenye nafasi kubwa zaidi ya watu kutoka wakiwa hai, mradi rubani, abiria na waliopo chini kila mmoja anajua la kufanya.

Ndege isiyo na injini bado ni ndege

Dhana iliyoenea ni kwamba injini ikizimika ndege huanguka kama jiwe. Sivyo. Kinachoibeba ndege ni hewa inayopita juu na chini ya mbawa, na kazi ya injini ni kuisukuma mbele ili hewa hiyo ipite kwa kasi. Injini ikinyamaza, rubani huinamisha pua kidogo na uzito wa ndege yenyewe huchukua kazi ya kuisukuma, kama baiskeli inayoshuka mteremko bila kukanyagwa. Ndege inaserereka angani. Inashuka, lakini inashuka ikienda mbele, na usukani unafanya kazi yake kama kawaida.

Chukua Cessna 172, ndege ya viti vinne inayotumiwa sana na shule za marubani katika Kiwanja cha Wilson, Nairobi. Ikiendeshwa kwa mwendo unaofaa, yaani takriban kilomita 120 kwa saa, kila futi 1,000 za kimo huipatia karibu kilomita 2.8 za kwenda mbele, ikiwa upepo umetulia. Inapoteza kimo kwa kiasi cha futi 700 hivi kila dakika. Kwa hiyo ikiwa futi 6,000 juu ya jangwa la Chalbi injini inapokufa, rubani ana dakika 8 hivi na uwezo wa kufika mahali popote palipo ndani ya kilomita 16. Dakika 8 ni nyingi. Zinatosha kujaribu kuiwasha injini tena, kuzungumza kwa redio na kuchagua pa kutua.

Lakini hesabu hiyohiyo ina upande wake mchungu. Ikiwa injini imekufa sekunde chache baada ya kupaa, ndege ikiwa futi 500 tu, muda uliobaki ni kama sekunde 40. Hapo moyo wa binadamu humwambia rubani ageuke arudi kiwanjani alikotoka, na ushauri huo umeua marubani wengi duniani, wakiwemo wenye uzoefu. Kugeuka nyuma si nusu duara tu. Nusu duara humwacha rubani kando ya kiwanja, naye bado lazima ajipinde tena ili kukilenga. Kila anapoilaza ndege ubavu, mbawa zinahitaji mwendo mkubwa zaidi ili ziendelee kubeba. Ikilala kwa nyuzi 60, mwendo unaohitajika hupanda kwa takriban asilimia 40. Asiyekuwa na mwendo huo hupoteza mbebo wa hewa, na hapo ndipo ndege huanguka kweli kama jiwe. Ndiyo maana marubani hufundishwa tangu siku za mwanzo kwamba injini ikifa chini chini, watue mbele yao, kulia kidogo au kushoto kidogo, hata kama mbele ni shamba la mtu au kichaka cha miiba.

Wakazi wanaoishi karibu na ncha za kiwanja wafahamu jambo hilo. Ardhi iliyo mbele ya kiwanja si uwanja mtupu usio na mwenyewe. Ni akiba ya sekunde 40 hizo. Nyumba, mlingoti au ua wa mawe unaojengwa hapo unapunguza akiba ya mtu asiyejulikana atakayeihitaji siku moja.

Kwa nini injini hufa

Injini za pistoni za ndege ndogo zimeundwa kwa tahadhari kuliko za magari. Kila silinda ina plagi mbili, na kila seti ya plagi ina magneto yake inayozalisha umeme bila kutegemea betri, ili moja ikiharibika nyingine iendelee. Injini nyingi za aina hii hupangiwa kufunguliwa na kufanyiwa ukarabati mkuu baada ya saa 2,000 hivi za kuruka. Vali huvunjika, silinda hupasuka, mafuta ya kulainisha huvuja, hayo yapo. Hata hivyo, mara nyingi injini inayozimika haina ubovu wowote wa chuma. Imekosa petroli, au imekosa hewa.

Kukosa petroli kuna sura nyingi. Kuna rubani aliyekisia safari vibaya na matangi yakakauka. Kuna aliyebakiwa na petroli tele katika ubawa wa kulia huku swichi ikinyonya kutoka kushoto. Kuna maji. Maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini ya tangi, na chini ndiko bomba linakonyonya. Kwa sababu hiyo abiria atamwona rubani asubuhi, na tena kila baada ya kujaza, akizunguka ndege na kikombe kinachoona ndani, akitoa petroli kidogo chini ya kila ubawa na kuiinua juani. Hachezi. Anatafuta tone la maji lililojikusanya chini ya kikombe, na anatazama rangi. Petroli ya injini za pistoni ni ya samawati. Mafuta ya injini za turbini, kama ile ya Cessna Caravan, hayana rangi au yana umanjano hafifu na yanafanana na mafuta taa. Ndege ya pistoni ikijazwa mafuta ya turbini huweza kuwaka, ikatambaa hadi kiwanjani, hata ikapaa, kisha injini ikafa katika dakika ambayo inahitajika zaidi.

Katika viwanja vya mbali mafuta huja kwa mapipa, na hapo ndipo mlinzi wa kiwanja anapokuwa sehemu ya usalama wa safari. Pipa lililosimamishwa wima mvuani hukusanya maji juu ya kifuniko. Mchana jua hulipasha, hewa ya ndani hupanuka na kutoka; usiku baridi hulibana nalo huvuta hewa ndani, na maji yaliyotuama huvutwa pamoja nayo kupitia kifuniko kilicholegea. Dawa yake ni rahisi: pipa lilazwe ubavu, au likisimama liinamishwe kwa kipande cha mbao ili maji yasifikie vifuniko. Gharama yake ni kipande kimoja cha mbao.

Barafu nayo huzima injini, hata Kenya. Kabureta hupoza hewa inayopita ndani yake, na joto laweza kushuka kwa nyuzi 20 au zaidi. Siku yenye ukungu, kama asubuhi nyingi za Mlima Marsabit, unyevu huo huganda ndani ya kabureta na kuziba njia ya hewa, ilhali nje mtu amevaa shati jepesi. Rubani ana kishikio cha kuelekeza hewa ya moto ndani ya kabureta. Akichelewa kukivuta, injini hukohoa na kunyamaza, na hakuna joto tena la kuyeyusha kitu.

Mfano wa mwaka 1936

Kisa kinachofundisha vizuri zaidi kuhusu jambo hili kina uhusiano na Kenya. Beryl Markham alilelewa Njoro tangu utotoni na akajifunza urubani humu nchini. Septemba 4, 1936 aliondoka Abingdon, Uingereza, peke yake katika ndege ya injini moja aina ya Percival Vega Gull iliyosajiliwa Kenya, akilenga kuvuka Bahari ya Atlantiki hadi New York. Alikuwa anaruka dhidi ya upepo, usiku, juu ya maji matupu. Matangi ya ziada yalikuwa yamepangwa ndani ya ndege, na kila moja lilipokauka ilimbidi afungulie jingine.

Baada ya saa 21 hivi, akiwa amekwisha kuiona nchi kavu ya Kanada, injini ilianza kukatika. Haikuwa imevunjika kitu. Maelezo yanayokubalika ni kwamba barafu iliziba matundu ya kupitishia hewa ya tangi la petroli. Kila anayeuza mafuta ya kupikia anaelewa jambo hilo bila kufundishwa: mtungi uliotobolewa tundu moja tu humwaga kwa kusitasita kisha hukataa, hadi utobolewe tundu la pili la kuingiza hewa. Tangi la ndege ni vivyo hivyo. Petroli ilikuwamo, lakini haikuweza kushuka.

Markham aliserereka hadi Baleine, katika kisiwa cha Cape Breton, Nova Scotia. Alichagua mahali palipoonekana pa wazi. Palikuwa bwawa la matope. Magurudumu yalinasa, pua ikazama topeni, naye akatoka akiwa na jeraha kwenye paji la uso. Hakufika New York, ila alikuwa mwanamke wa kwanza kuivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kuelekea magharibi.

Kwa Marsabit kisa hiki kina mambo mawili ya karibu. Matundu yale ya hewa hayahitaji barafu ili kuzibwa. Nyigu wa udongo hufanya kazi hiyo bila malipo. Ndege ikiegeshwa siku chache pasipo vizibo vyake, nyigu hujenga ndani ya matundu madogo. La pili ni lile bwawa.

Ardhi inayoonekana nzuri kutoka juu

Rubani anayeserereka hutafuta mambo matatu: ardhi tambarare, ndefu ya kutosha, isiyo na watu. Kwa upande huo kaunti hii imebarikiwa na kulaaniwa kwa pamoja. Chalbi wakati wa kiangazi ni sakafu ngumu ya chumvi isiyo na mti. Hakuna kiwanja cha kujengwa kinachoishinda kwa upana. Wiki mbili baada ya mvua, Chalbi ileile ina ganda jembamba juu na tope chini, na kutoka futi 3,000 haionekani tofauti yake. Gurudumu la mbele likizama, ndege hupinduka. Dereva wa lori la North Horr anaijua tofauti hiyo kwa rangi ya njia. Rubani mgeni haijui.

Dida Galgalu na miteremko ya Kulal ni kinyume chake. Kutoka juu ni tambarare ya kahawia inayoalika. Kumbe ni mawe ya volkeno, makubwa kama vichwa vya ngamia, yanayong'oa magurudumu katika mita za kwanza. Mchanga wa pande za Kargi na Korr una afadhali. Barabara ya lami ni nzuri ikiwa haina malori, lakini kando yake kuna nguzo, na nyaya hazionekani hadi zimekaribia mno. Upande wa Sarima kuna mitambo 365 ya upepo na njia ya umeme inayoshuka hadi Suswa. Marubani huijua kutoka kwenye ramani, ila rubani asiye na injini hana anasa ya kupanda juu yake.

Upepo ndio unaoamua mengi. Ndege inayogusa ardhi kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa dhidi ya hewa, ikiwa imeukabili upepo wa kilomita 45, inagusa ardhi kwa kilomita 45 tu. Ikiupa upepo mgongo inagusa kwa kilomita 135. Mwendo umekuwa mara tatu, lakini nguvu ya kugonga huongezeka mara tisa, kwa kuwa hukua kwa mraba wa mwendo. Karibu na Ziwa Turkana, ambako upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu nyakati nyingi za mwaka, kukosea mwelekeo ni kukosea kila kitu. Rubani huusoma upepo kwa vumbi la gari, moshi wa manyatta na michirizi ya maji ziwani.

Aliye ndani

Abiria hana usukani, lakini ana kazi. Mkanda ukazwe hadi ubane nyonga. Kalamu, miwani na vitu vyenye ncha vitolewe mifukoni. Mtoto asishikwe mapajani ikiwa kuna kiti na mkanda wake. Rubani atafungua kitasa cha mlango kabla ya kugusa ardhi. Asizuiwe, anafanya hivyo ili mlango usikwame fremu ikipinda. Hakuna anayeshuka kabla ya propela kusimama kabisa, na kila mtu hutoka akielekea nyuma, kamwe si mbele.

Desemba 2013, Cessna Caravan yenye watu tisa ilipoteza injini muda mfupi baada ya kupaa kutoka kisiwa cha Molokai, Hawaii, baada ya mapanga ya turbini kuvunjika. Rubani aliitua baharini ikiwa nzima, na wote tisa wakatoka nje wakiwa hai. Mmoja alifariki majini kabla ya kuokolewa. Wachunguzi walibaini kwamba kabla ya kuondoka abiria hawakuwa wamepewa maelezo ya usalama, kama vile mahali jaketi za kuelea zilipo na jinsi ya kuzivaa. Kwa hiyo abiria anayepanda Loiyangalani kuvuka ziwa ana haki ya kuuliza kabla ya mlango kufungwa, wala rubani mzuri hachukizwi na swali hilo. Jaketi hujazwa hewa mtu akiwa nje ya ndege. Aliyeijaza ndani huelea hadi darini na kushindwa kupita mlangoni.

Waliopo chini

Katika sehemu kubwa ya kaunti, watu wa kwanza kufika watakuwa wachungaji na wahudumu wa boda boda. Wanachofanya katika dakika 15 za mwanzo kina uzito kuliko chochote kitakachofika baadaye kutoka Nairobi.

Ndege inayozunguka chini ikiwa kimya, au inayokohoa, inatafuta pa kutua. Watoto na mifugo waondolewe kwenye eneo la wazi haraka, na watu wasimame pembeni. Wasikimbilie katikati kupunga mikono. Rubani akiona watu katikati atalazimika kuacha ardhi nzuri na kwenda kwenye mawe.

Ikishatua, pikipiki na magari yaachwe mbali, upande ule upepo unakotokea, ili mvuke wa petroli usiyafikie. Sigara zizimwe. Propela isiguswe hata ikiwa imesimama, kwa sababu magneto haihitaji betri: kuisukuma kidogo kwa mkono kunaweza kuiwasha injini. Majeruhi anayeongea na aliye mahali salama asivutwe. Shingo na uti wa mgongo vinaweza kuharibiwa na wema wa haraka. Kukiwa na moto au harufu kali ya petroli, atolewe mara moja, na mengine yatafuata. Asiye na fahamu asinyweshwe maji. Taarifa ipigwe kupitia 999 au 112, na pale mtandao haufiki, atumwe mtu kwa chifu au kituo cha polisi kilicho karibu akiwa na mambo matatu kichwani: mahali, idadi ya watu, na kama kuna moto.

Kuhusu mafuta hakuna mjadala. Januari 31, 2009 zaidi ya watu 100 waliteketea Sachang'wan, karibu na Molo, walipokuwa wakichota petroli kutoka lori lililopinduka. Petroli ya ndege huwaka vivyo hivyo, na ile ya injini za pistoni ina risasi ndani yake, sumu ambayo haifai kuwa nyumbani kwa kazi yoyote.

Mabaki nayo yasiokotwe. Sheria hairuhusu kuyasogeza isipokuwa kwa kuokoa watu au kuzuia hatari, hadi Idara ya Uchunguzi wa Ajali za Ndege, AAID, itakapotoa idhini. Swichi ya petroli iliyoachwa kama ilivyokuwa yaweza kueleza ajali nzima. Ikizungushwa na mtu mwenye udadisi, maelezo hayo yamepotea. Vilevile aliyeiona au kuisikia ndege kabla ya kutua ni shahidi, hata kama hajui kusoma. Wachunguzi watataka kujua iwapo sauti ya injini ilikatika ghafla au ilikohoa kwanza, kama kulikuwa na moshi na wa rangi gani, ndege ilitokea upande upi, na jua lilikuwa wapi. Mchungaji aliyeyaona hayo aache jina lake na la kijiji chake kwa chifu kabla ya kuhamia malisho mengine.